Leo Kuna Aliyebaki

Kaka Dewey,

Leo kuna aliyebaki! Miaka kumi kwenye ambulensi, kila nikiitwa kwa aliyezidisha dawa za kulevya namkuta peke yake, wenzake wamewakimbia polisi. Mimi huwaita panya. Leo binti mmoja alikuwa bado anampulizia rafiki yake pumzi.

"Utanifunga?" akamuuliza polisi.

"Sheria inamlinda anayeita msaada. Wewe puliza tu, mwanangu!" polisi akamjibu.

Nikamtia mgonjwa dawa ya puani, akazinduka akitutukana. Tulicheka mpaka machozi!

Dewey, siku ulipomwacha mdogo wetu Travis akifa sakafuni kwa dawa hizo hizo ukakimbia, sheria hiyo haikuwepo. Miaka tisa nimekuita panya. Jumapili Mama anapika maharage na mkate wa mahindi. Njoo.

Dada yako,
Loretta