Uzi Usiokatwa

6 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umepoa na wateja hawakusumbui. Mimi huku sijambo, ila miguu inawaka moto kwa kuzunguka.

Gauni limefika salama. Dereva wa basi alinikabidhi mkononi kama ulivyomwagiza, akanitania eti naolewa lini. Nimelivaa kwenye picha ya jalada la wimbo wangu. Bluu ile imenipendeza mpaka rafiki yangu, yule fundi wa mitambo ya muziki, akasema hata nisipoimba watu watanitazama. Sijui kama alikuwa ananisifu.

Wimbo tumeurekodi chumbani kwangu, magodoro tumeyasimamisha ukutani ili kelele za mtaani zisiingie. Nimeuweka mtandaoni mwenyewe. Sina meneja wala kampuni, Mama. Mwimbaji ni mimi, mbeba spika ni mimi, na anayebandika mabango ukutani huku akichungulia kama kuna askari ni mimi. Nasambaza flashi kwenye vinyozi na saluni, nawaomba waupige wateja wakiwa wamekaa. Wengi wananiambia, "Iache hapo." Hapo ni juu ya meza, kando ya vumbi.

Wimbo unaitwa "Mlango Uko Wazi", na nimekuimbia wewe. Ndiyo maana roho inaniuma. Nawabembeleza watu baki wanisikilize, na mwenye wimbo hawezi. Nilikuwa darasa la sita homa ilipokuchukulia masikio, na tangu hapo hujanisikia hata nikiita. Maneno yake sikuandikii. Wimbo si wa kusomwa kama risiti.

Ni mimi mwanao,
Chiriku


20 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Mimi ni mzima, mgongo ndio huo huo, tumeshazoeana. Usiniulize tena kwa nini situmii ile simu uliyoninunulia. Herufi zake zinanichosha macho, na mimi macho ndiyo mtaji. Iko kabatini, imepumzika.

Sasa nina jambo, na usimwambie mtu, wasije wakasema nimerukwa na akili. Jumanne nilikuwa kwenye cherehani, nimevaa ile blauzi yangu mpya, nikasikia mtu anakohoa. Nimesema nikasikia, mwanangu. Nikageuka, hakuna mtu. Kisha mwanamume akasema, "Wimbo si mbaya, binti, lakini wateja wangu wanataka cha kutingisha kichwa. Iache hapo." Nikasikia mkasi wa kunyolea. Halafu nikakusikia wewe unaimba:

*Nikichelewa usiweke komeo,*
*najua, Mama, mlango uko wazi.*

Nilisimama nikatazama nyuma ya kabati. Nikafungua droo ya cherehani, kama mjinga, kana kwamba ungekuwa umo ndani pamoja na bobini. Nikatoka uani. Kuku walikuwa wanafungua midomo bila sauti, kama siku zote. Jirani alinisalimia, nikayasoma maneno midomoni mwake. Hapa ni kimya kile kile. Ninachosikia kinatoka huko uliko.

Niliogopa, sitakuficha. Kisha nikakaa chini nikalia. Nilikuacha na sauti ya mtoto, na sasa una sauti ya mtu mzima.

Mama yako


4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na nywele bado zilinisimama. Kinyozi mwenye kikohozi yupo, ni wa mtaa wa pili. Aliniambia maneno hayo hayo, na mimi sikumwambia mtu kwa sababu niliona aibu. Na wewe umeniandikia mistari ya wimbo ambayo sikukuandikia.

Sijui ni kitu gani hiki. Fundi wa mitambo anasema niende nikaombewe. Mimi nimefurahi, Mama. Naogopa kidogo, lakini nimefurahi zaidi. Siku hizi kabla ya kuimba nasema kimoyomoyo, "Haya, Mama, sikiliza."

Na mambo yameanza kunyooka. Nilipiga video fupi nje ya duka la vitanda, nimevaa gauni lako, nikaimba kiitikio tu. Watu wameituma huku na huku mpaka basi. Wananiita Dada wa Gauni la Bluu. Kwa hiyo kila ninapokwenda kujitangaza, sokoni, vyuoni, redioni, sharti nilivae, la sivyo hawanijui. Jana mtangazaji mmoja aliyekuwa hapokei simu zangu alinikaribisha studio akaniita "dada yangu". Undugu umeanza lini, sikuuliza.

Tatizo dogo tu: sikio la kushoto limeziba, kama limeingia maji. Nadhani ni zile spika za masikioni. Litazibuka.

Mwanao,
Chiriku


19 Machi

Mwanangu,

Uhali gani? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo iko juu.

Ninakusikia kila siku sasa, na si wimbo peke yake. Nimesikia wanafunzi wakikushangilia. Nimemsikia mama mwenye nyumba wako akilalamika juu ya maji, naye ana domo. Nilikuwa nacheka peke yangu hapa, wateja wananitazama.

Lakini Jumamosi sikucheka. Mtu alikuwa nyuma yako, anaita, "Chiriku! We Chiriku!" Aliita mpaka akachoka. Mwishowe akamwambia mwenzake, "Ameota mabawa, haitikii tena watu." Nilijua ni yule rafiki yako uliyesoma naye, kicheko chake hakijabadilika tangu mko wadogo. Mbona hukumwitikia? Sikukulea hivyo.

Kisha, muda mfupi baadaye, nikasikia honi. Honi ndefu, mwanangu, ya gari kubwa, ikaja karibu, karibu, halafu breki zikalia na mtu akatukana matusi ambayo siyaandiki. Nilishika meza. Na katika hayo yote nilikuwa nasikia viatu vyako, ko, ko, ko, havikukimbia wala havikusita. Ulikuwa unatembea tu.

Niandikie upesi.

Mama yako


27 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Hakuna aliyeniita Jumamosi. Nimefikiria sana. Nilitoka redioni, nikashuka ile barabara kubwa, nikavuka. Nakumbuka vizuri kwa sababu niliona ajabu jinsi mtaa ulivyotulia. Nilifurahia hata. Nilisema, leo angalau watu wamepumzisha honi zao.

Nimekwenda kwa daktari wa masikio. Amechungulia kwa kifaa chake, akasema ni safi, hayana kasoro. Aliniuliza maswali amenipa mgongo, nikayakosa yote. Fundi wa mitambo naye anasema naanza kuimba kabla ya mdundo, na kwamba nafungulia spika mpaka majirani wanagonga ukuta. Mimi ukuta sijausikia ukigongwa.

Haya ya masikio nakuambia wewe tu. Mwandaaji wa tamasha kubwa amenipa nafasi, tarehe ishirini na tano Aprili, uwanja mzima. Bango limeshatoka na picha yangu, na sharti lake ni moja: nije na gauni lile lile la kwenye bango. Miaka yote hii nimetafuta masikio ya watu, Mama. Sasa wanakuja wenyewe.

Mwanao,
Chiriku


3 Aprili

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nikajua. Sikutaka kujua, lakini nimejua.

Siku ile ninamaliza gauni lako, dereva alikuwa ameshatuma mtu kusema basi linaondoka. Blauzi yangu ilikuwa kwenye mashine, nimebakiza pindo. Nilipofika mwisho wa blauzi sikukata uzi. Niliingiza pindo la gauni lako papo hapo chini ya sindano nikaendelea kushona, ili kuokoa muda. Nikatenganisha nguo baadaye, kwa meno, nikakunja, nikampa yule mtu mzigo.

Bibi aliyenifundisha ufundi alikuwa mpole kwa kila kosa isipokuwa hilo. Ukishona nguo za watu wawili kwa uzi usiokatwa, alikuwa anakupiga kwa rula ya mbao. "Maliza ya huyu, kata, funga fundo, ndipo uanze ya yule. La sivyo wataazimana." Wenzangu walisema anatutisha tuwe waangalifu. Hakutueleza wataazimana nini.

Na mimi, nikishona pindo lako, nilikuwa nawaza kitu kimoja: laiti ningesikia hata wimbo mmoja wa mtoto huyu.

Nimeifumua blauzi yangu yote. Vipande viko mezani, na bado nakusikia. Sasa hivi unasugua sufuria. Uzi hufumuliwa kuanzia ulikoishia, nao uliishia kwenye gauni lako. Nitumie. Usilivae tena, hata kwa picha. Mimi kimya nilishakizoea. Cherehani yangu naisikia kwa miguu, kuku nawaona, jirani namsoma. Kimya changu hakina shida. Lakini wewe bila masikio utakuwa nani?

Mwandaaji wa tamasha akikataa, akatae. Masikio ni yako. Kila ninalosikia mimi, nakunyang'anya wewe.

Mama yako


14 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Gauni hilo, nimemkabidhi dereva. Nimelifua na kulipiga pasi. Fumua upendavyo. Kwa tamasha nitatafuta nguo nyingine, usiwe na wasiwasi.

Nina swali, ingawa najua jibu halitanifikia kabla ya siku yenyewe. Ukilifumua, hutanisikia tena kamwe? Yaani nitaimba mbele ya uwanja mzima, waitikie wimbo wako, na wewe utakuwa unatazama midomo ya kuku?

Nakupenda sana. Hilo nimeliandika kwa sababu sikuwahi kukuambia ukasikia.

Mwanao,
Chiriku


29 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi. Hali yako naijua, kwa hiyo siulizi.

Mzigo wako niliufungua siku ile ile ulipofika. Bluu ni ile ile, kola inafanana, hata vifungo umevitafuta. Kisha nikageuza pindo. Nimeshona tangu hujazaliwa, unadhani sijui mshono wangu? Huyo fundi cherehani uliyempa aliige ana haraka, sindano yake inaruka.

Niliitoa ile simu kabatini. Jirani akaniandikia, VUA GAUNI, akatuma. Akapiga pia. Nikasikia simu yako inalia huko, juu ya kitu cha bati, inalia, inanyamaza, inalia tena. Wewe ulikuwa unapiga mswaki huku unaguna ule wimbo. Jirani alisema, "Hapokei." Nikamwambia najua.

Nilikaa kwenye kiti changu tangu jioni ya tamasha ilipoingia. Nilisikia watu wengi kuliko niliowahi kusikia nilipokuwa na masikio. Nikakusikia pembeni ya jukwaa unamwambia fundi wa mitambo, kwa sauti kubwa mno, kama mtu asiyejisikia: "Nimemdanganya mama. Nataka anisikie mara moja tu, watu wakinishangilia. Kesho nitampelekea gauni mwenyewe." Hapo sikujua kama nikuchape au nikukumbatie. Hata sasa sijui.

Ukaimba. Sitatia chumvi: wapiga vyombo walikuwa wanakufuata wewe, si wewe unawafuata wao, lakini uliimba. Ulipofika kwenye komeo, uwanja wote ukaitikia. Watu wasionijua walikuwa wananiita mama. Ulipomaliza, walipiga kelele mpaka nikaziba masikio haya yangu yasiyofanya kazi, na haikusaidia kitu. Walikuwa wanapiga miguu chini. Walikuwa wanasema, "Rudia! Rudia!"

Na katikati ya kelele zile nikakusikia, karibu na kipaza sauti, unauliza taratibu: "Mbona mmenyamaza?"

Walicheka. Walidhani ni mbwembwe za jukwaani. Wakazidi kupiga kelele. Ukauliza tena, "Jamani, mbona mmenyamaza?" Sauti ilikuwa ya yule mtoto wa darasa la sita. Mimi huku nilikuwa nimesimama, napiga meza, nakuambia hawajanyamaza, mwanangu, hawajanyamaza, tazama mikono yao. Jirani alikuja mbio. Alidhani nimeingiliwa na mwizi.

Tangu siku hiyo nasikia mengi chumbani kwako. Nawasikia wakibisha mlangoni, wanabisha, wanaondoka. Fundi wa mitambo alikaa nje akilia, hukujua. Usimchukie, anakupenda kuliko anavyosema.

Ulizoea kuniandikia kwa sababu mimi sisikii. Basi sasa nitakuandikia mimi. Njoo nyumbani, lete gauni la kweli, tulifumue pamoja kutoka mwisho wake, mshono kwa mshono. Sijui kama kilichokwenda kitarudi. Bibi hakutufundisha hilo. Kisiporudi, nitakufundisha kusoma midomo, jirani ni mzuri wa kuanzia, hafungi mdomo. Na ukiwa hapa ndani nadhani nitasikia nyumba yangu, kuku na cherehani na wewe, maana nasikia pale ulipo. Tutatumia masikio haya kwa zamu. Usibishe hodi, karibu yangu hutaisikia. Sukuma tu.

Kuna jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kila asubuhi nakusikia unaanza ule wimbo kwa sauti ndogo, unakatiza, unaanza upya. Najua unachotafuta. Unataka kujua kama bado uko kwenye sauti, na huna wa kumuuliza. Uko, mwanangu. Leo pia ulikuwepo. Hata pale juu, kwenye neno "wazi", hukuteleza.

Mama yako, ninayekusikia