Ncha ya Sindano Kiganjani

Mjukuu wangu Riziki,

Salamu nyingi kutoka Gazi. Sote wazima, ila kichwa changu bado kinauma. Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu mama yako huwa ubavuni, anasikia yote.

Uliniuliza kama nina chuma mwilini, maana mashine ya MRI itakayopiga picha kichwa changu ni sumaku kubwa. Nilikujibu sina. Nilikudanganya.

Nilipokuwa mwari, nilikuwa nikimshonea kijana mmoja kofia kwa siri. Mama akaingia ghafla. Nikaificha upesi, sindano ikanikatikia kiganjani, na ncha imo hadi leo. Sikulia. Niliogopa aibu kuliko maumivu, na kumbe hofu ile bado ninayo.

Tangu Ijumaa uliponiuliza, nakipapasa kiganja hiki. Tafadhali, mwambie daktari kabla hawajaniingiza kwenye mashine hiyo.

Mama yako usimwambie. Kofia haikuwa ya babu yako.

Bibi yako