Nani Anakula Dalia Zangu

Jumatatu, 3 Machi
Wamekula tena! Jana jioni tumba lilikuwa limefumba vizuri, leo alfajiri kimebaki kikonyo. Majani yamekuwa chekeche. Na harusi ni tarehe 22. Binti yetu kasema hataki maua ya dukani, anataka dalia zangu nyekundu, za mkononi na za mezani. Nami nikamjibu kwa mbwembwe: utapata mpaka useme basi. Mdomo wangu huu!

Jumatano, 5 Machi
Ni kuku wa jirani yangu, Mama Kuku. Lazima. Nimemfuata kabla ya kwenda kazini na sikumung'unya maneno. Mama Kuku alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha banda. Lina kufuli, kuku hawajatoka wiki nzima. Akalitazama jani nililokwenda nalo, akauliza tangu lini kuku anaacha ute. Nikarudi kutazama majani — kweli, yana mistari inayong'aa. Konokono! Wale wasio na gamba, wa kijivu. Nimeshinda kazini na aibu yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Kuku hana kinyongo. Kaniletea maganda ya mayai, niyaponde niyamwage kuzunguka mashina. Wakapita juu yake. Majivu — mvua ikayachukua. Chumvi nikaimwaga kwa hasira na shina moja limenyauka, tena lile lenye matumba mengi. Mimi nauza duka la dawa, nawakaripia watu wazima wasiofuata maelekezo, halafu nashindwa na kiumbe kisicho hata na mfupa.

Fundi yuko barazani ananitazama. Mume wangu. Mtaa mzima bado wanamwita Fundi, ingawa tangu adondoke kwenye paa la watu akaumia bega hajashika randa. Daktari alishasema bega limepona. Anakaa, anasikiliza redio, taarifa ya habari ikiisha anahamia stesheni nyingine yenye taarifa ileile. Sisemi kitu. Nimejizoeza.

Jumapili, 9 Machi
Binti kasoma kwenye simu: bia. Unatega kwenye kisosi, wanakuja kunywa, wanazama. Jana jioni nikamimina. Fundi akakitazama kile kisosi, akasema konokono wananunuliwa bia na mwenye nyumba anapewa maji ya bomba. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikumbuki mara ya mwisho alipotania.

Asubuhi wachache wamekufa walevi. Waliobaki wamekula matumba mawili. Hawaishi! Wanatoka wapi?

Jumanne, 11 Machi
Nimejua wanakotoka. Bora nisingejua.

Nilifuata ute alfajiri, kutoka kwenye dalia, kando ya ukuta, hadi kwenye rundo la mbao za Fundi. Mbao za kitanda cha binti. Alizichagua mwenyewe kabla ya kuanguka, moja moja, akaja nazo anapiga mluzi — mwanangu hataolewa alalie kitanda cha kununua. Tangu hapo zimelala nyuma ya nyumba chini ya turubai na hakuna anayezitaja. Binti naye ameshaacha kuuliza. Nikainua ubao wa juu kidogo tu. Mungu wangu. Wamebanana kwenye unyevu, wakubwa kwa wadogo, na mayai yao. Nikaurudisha taratibu nikaenda kunawa mikono.

Nimekasirika. Si na konokono.

Alhamisi, 13 Machi
Matumba matatu tena. Niliwaza kumwita mtu wa mkokoteni azibebe zile mbao, Fundi akiwa kwa kinyozi. Nimeona hapana. Arudi akute patupu? Nitakuwa nimemzika angali hai. Na nikimwambia azitoe, ni kama kumwambia kitanda basi tena. Nisiposema, mtoto atakosa kitanda na maua pia. Mama Kuku anasema nimwambie, yule ni mume, si yai. Rahisi kwake.

Jumamosi, 15 Machi
Nimesema. Sikupanga. Nilikuwa nimeshika tumba lililotafunwa nusu, nikamwendea barazani.

"Fundi, konokono wanaishi kwenye mbao zako."

Nikasubiri anifokee — hata ugomvi ningeupokea. Akazima redio. Akavaa ndala, akanipita, akaenda nyuma ya nyumba akavuta turubai.

Aliinua ubao wa kwanza kwa mkono mzima. Akawatazama wale wadudu, akawakung'uta chini. Akaugonga kwa kidole, akausikiliza. "Umeoza," akasema, akauweka kushoto. Wa pili akaukwaruza kwa ukucha, akaunusa. "Huu bado." Kulia. Wa tatu kushoto. Wa nne akakaa nao muda mrefu, anaupapasa, mimi roho juu. Kulia.

Konokono wametapakaa miguuni kwetu, wengine wameshaanza safari ya kwenye dalia! Nimekimbilia jikoni kubandika maji niwamwagie. Hayachemki. Naandika nimesimama. Kupitia dirishani naona rundo la kulia si kubwa. Sijui linatosha kitanda, au kiti tu, au anatenga tu kuni na zisizo kuni. Nina hofu ya kuuliza.

Ananiita. Kuna ubao mrefu, anasema, mkono mmoja hauwezi. Nikashike upande wa pili.