Karani wa Mabomu ya Ziwani

Naivasha, Jumapili

Mama Mghoi, mke wangu mpenzi,

Mwaamkaje huko Taita? Kifua cha mama kimepata nafuu? Mimi mwili ni mzima, ila upweke umenizidi. Hema letu liko kando ya ziwa, na hapa hakuna hata mmoja wa kuongea naye Kitaita.

Nilikwambia mimi ni karani. Si uongo, ila sikukumalizia. Wakati wa vita ndege zilifanya mazoezi ya kutupa mabomu humu ziwani. Sasa maji yamerudi nyuma, na yale ambayo hayakulipuka yametokeza matopeni. Bwana wangu, Mzungu mzee aliyekuwa askari wa manowari, ndiye anayeyafungua. Mimi hukaa mbali, nyuma ya magunia ya mchanga, na simu na daftari. Kabla ya kugusa chochote hunitajia, "Sasa mimi nafungua skrubu ya pili." Naandika, kisha namjibu, "Nimeandika." Asiposikia hivyo hasogezi mkono. Akifa, atakayekuja baada yake ajue pa kujihadhari.

Juzi nilikuwa na barua yako mfukoni. Umeniambia Mghoi anamwita kaka yako baba. Nikawa nalifikiria hilo, nikajibu "Nimeandika" na kalamu iko chini. Nadhani nilijibu upesi mno, maana mzee aliacha kila kitu akaja kwangu kwa miguu.

"Karani, soma."

Mstari haukuwepo.

"Mimi nakufa leo, mutu ingine nakufa kesho, mahali ile ile," akasema, bila kunigombeza. Nililia mbele yake, nikamweleza habari ya mtoto. Akanimiminia chai. Nusu ya chai ikaishia chini, na hapo ndipo nilipoona kazi hii imemchosha.

Anarudi kwao mwisho wa mwezi. Anataka mimi nishike bisibisi, mwingine akae na daftari. Eti aliyekosea namna ile hatakosea tena. Naogopa, na bado kazi naitaka. Wachungaji hupitisha mbuzi kando ya mabomu hayo kila siku.

Nisalimie mama, na shangazi anayekusaidia kufukuza nyani shambani. Kaka yako mwambie sina kinyongo naye.

Sasa nakutajia kabla sijagusa kitu: niichukue kazi hii, au nirudi nyumbani Mghoi anijue? Usijibu upesi kama nilivyojibu mimi. Mpaka nisikie kwako, sisogezi mkono.

Mumeo,
Baba Mghoi