Arobaini na Wawili Waliookoka Kwenye Karatasi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana mficha uchi hazai na mimi nimeficha hadi nimechoka. Kwa kazi mimi ni fundi cherehani na kwa wito ni mhubiri, na kanisa letu liliniteua niwe mnenaji mkuu wa safari ya umisheni, mkutano wa injili wa siku tatu kwenye mji mmoja ng'ambo ya mto, nikajiandaa kisawasawa, nikafunga, nikaomba, nikajishonea suti nyeupe yenye kizibao, na kwa kuwa katibu wa kanisa ni mtu wa haraka na karatasi ya matangazo huchapwa mapema, akanipa fomu ya ripoti niijaze kabisa kabla hatujaondoka, nami pale penye "Idadi ya waliookoka" nikaandika arobaini na wawili, si kwa uongo mshauri, kwa imani.

Basi tukaondoka watatu, mimi, dereva wa kanisa na shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye ndiye kiongozi wa kwaya, tukafika mtoni tukakuta daraja limechukuliwa na maji, kugeuza gari na nyuma nako barabara imekatika, ikabidi tuombe hifadhi kwenye hospitali ndogo ya upande huu, tukakaa siku sita. Muuguzi mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya kengele, alitupokea vizuri, asubuhi akatuuliza, "Jamani wageni wetu, mnajua kazi gani? Hapa mikono imepungua." Dereva akaanza kubeba maji ya kisima kupeleka wodini, shangazi akavamia mashuka akafua, wakanigeukia mimi, na mshauri, kwenye kona ya stoo niliiona kwa macho yangu cherehani ya kukanyaga, mkanda umekatika, na kando yake rundo la mashuka yaliyochanika na magauni ya wagonjwa yaliyofumuka, muuguzi akasema fundi wao alihama mwaka jana, nami nikasema, "Mimi ni mnenaji."

Shangazi akanitazama. Akarudi kwenye mashuka yake.

Nielewe mshauri, kushona nashona kila siku ya Mungu, safari hii nilitaka anitumie kwa jambo kubwa. Siku sita nikakaa kwenye benchi la nje nikisubiri maji yapungue, siku moja nikavaa suti nikapita wodini kuombea wagonjwa, na mzee wa kitanda cha nne alikuwa amejifunga pazia la dirisha kiunoni kwa sababu hakuna gauni, nikamwekea mkono kichwani nikaomba kwa nguvu, nilipomaliza akasema, "Asante baba, ila ukitoka nirudishie huo mlango, naona aibu watu wakipita wakinitazama."

Tumerudi nakuta ripoti imeshasomwa kanisani, watu wamepiga vigelegele, mchungaji anajua tulikwama lakini anadhani ni wakati wa kurudi, na Jumapili amenipangia nitoe ushuhuda mrefu. Tena yule muuguzi ameandika barua kuwashukuru dereva na shangazi, anauliza kama kanisani kwetu kuna fundi cherehani yeyote aende hata wiki mbili, na barua hiyo itasomwa mara tu nikimaliza kushuhudia, na fundi kanisa zima ni mimi peke yangu. Shangazi ameniambia, "Mwanangu, mpaka Jumapili nitafunga mdomo. Baada ya hapo tusilaumiane." Nimefikiria kuumwa. Je, kuumwa ni dhambi? Na hao arobaini na wawili, hawawezi kuhesabiwa kwamba watakuja baadaye?

Wako, Mnenaji Niliyekwama.

MSHAURI ANAJIBU

Mnenaji Uliyekwama, pole. Pole kwa daraja na pole kwa barabara. Kwa hayo mengine pole yako nimeiweka, nitakupa ukistahili.

Nimehubiriwa na wengi maishani mwangu, lakini wewe ni wa kwanza kuokoa watu bila hata kuvuka mto kuwasalimia. Siku za mwizi ni arobaini, wewe ukajiongezea mbili. Kwa nini wawili? Najua kwa nini. Hiyo ni akili ya fundi, unaacha inchi mbili za pindo nguo isije ikabana.

Unasema si uongo, ni imani. Haya, tukubaliane: ilikuwa imani mpaka mlipolikuta daraja halipo. Kuanzia hapo, umekaa benchini siku sita na huna hata neno moja la kumwambia katibu wako, ukarudi ukakuta vigelegele ukavipokea, hiyo baba ina jina lake na unalijua. Huyo katibu naye, anayetaka matokeo kabla ya safari, mwambieni ajaribu kuvuna kabla ya kupanda, atuletee ripoti.

Ila nakuhurumia kidogo, usidhani sina moyo. Mtu anainama juu ya cherehani mwaka hadi mwaka, watu wanachukua suruali zao hata usoni hawamtazami, lazima siku moja atamani kusimama juu atazamwe yeye. Hilo nalielewa kabisa. Lakini ulimwomba Mungu akutumie, akakupeleka hadi kwenye stoo yenye cherehani iliyokosa fundi mwaka mzima, nawe ukamjibu kwamba wewe ni mnenaji. Ulitaka akuandikie barua? Ameandika. Iko kwa mchungaji.

Kuumwa Jumapili usithubutu, shangazi yako atakuja kukuuguza na mchungaji akiwa nyuma yake. Nenda kwa mchungaji leo, ukimaliza tu kusoma hapa, na huyo shangazi umchukue, maana ukienda peke yako njiani utaanza kuongeza. Mwambie hatukuvuka. Jumapili simama useme hivyo hivyo mbele ya wote: daraja lilikatika, hatukuhubiri, dereva alibeba maji, shangazi alifua, mimi nilikaa. Wakiuliza idadi, sema hakuna. Wakikubana sana, sema labda mmoja, na huyo bado anaangaliwa. Wengine watacheka, wengine watanuna, na cheo cha mnenaji mkuu huenda kikapata mwenyewe mwingine. Kiache kiende. Barua ikisomwa, inua mkono kabla mchungaji hajafika kwenye "wasalaam".

Jumatatu funga duka. Chukua mkanda mpya, mafuta, sindano za kutosha na mkasi wako mzuri, si ule unaowaazima watu. Na suti nyeupe ibebe, lakini si ya kuvaa. Ukifika, kabla hujagusa lile rundo, kaa chini uifumue. Najua itauma, uliishona kwa mkono wako. Koti, suruali na kizibao, ukikata kwa akili, havikosi kutoa gauni moja la mtu mzima. Mpelekee mzee wa kitanda cha nne, na kama ameshatoka, atakayekuwa amelala hapo.

Akishavaa, toka. Mlango uache wazi.