Mume Wangu Anamkonyeza Jirani Tangu Atolewe Mtoto wa Jicho

Mpendwa Senga Nafuna, naomba msaada kabla sijafanya baya kuliko hili nililokwisha kufanya, na nakuita senga kama shangazi yangu ingawa mimi ni mtu wa Kitgum, kwa sababu hapa Kansanga sina shangazi wa kumweleza mambo ya ndoa. Nina miaka hamsini na sita, mume wangu ni mzee Okidi, mwanajeshi mstaafu, tumehama naye kambi hii hadi ile kwa miaka thelathini na miwili na sikuwahi kumwona akigeuza shingo kwa ajili ya mwanamke, mpaka mwezi uliopita alipopasuliwa jicho la kulia, maana alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, na ni mimi niliyekuwa namshika mkono kuvuka barabara ya Ggaba, ni mimi niliyekuwa namsomea ujumbe wa simu, na sikufichi, kazi hiyo niliipenda.

Siku ya tatu baada ya kutolewa bandeji akaweka kiti barazani, na mbele ya baraza ndipo jirani yetu Exaucée, Mkongomani anayeuza vitenge, huanika nguo zake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu anayefunga kitenge kama alizaliwa nacho, nami nikiwa jikoni namenya ndizi za matooke nikachungulia dirishani nikamwona mume wangu akifumba jicho moja, akafumbua, akafumba la pili, mchana kweupe, halafu anatabasamu peke yake! Kesho yake tena. Keshokutwa nikamsikia, “Mama, hicho cha bluu, kisogeze huku nikione,” na yule anacheka, “Papa Okidi, wewe unapenda bluu sana!”

Nikamuuliza, “Mzee, unatazama nini pale?” Akasema, “Rangi.” Rangi! Miaka yote hiyo hajasema neno juu ya nguo yangu hata moja, na jioni hiyohiyo akaniangalia usoni muda mrefu akasema, “Mama Atoo, kumbe umezeeka,” nikatoka nikalia nyuma ya tangi la maji.

Asubuhi nikaenda kwa mwenye nyumba nikamwambia yule Mkongomani ni mwizi wa waume, amfukuze, kisha nikachukua chupa ya dawa ya matone ya mzee nikaificha kwenye ndoo ya unga, nikamwambia dawa imeisha, nikasema moyoni, kama hilo jicho ndilo linalonitoa kwenye ndoa, basi lirudi gizani. Leo ni siku ya nne, jicho ni jekundu, linauma, anasema mwanga unamchoma, ameacha baraza na ananishika mkono kama zamani, nami usingizi sipati. Je, nirudi Kitgum?

Mama Atoo, Kansanga

SENGA NAFUNA ANAJIBU

Nyabo, mama yangu, kuna barua za kujibiwa gazetini na kuna za kujibiwa kwa simu saa hiyohiyo. Unajua nilivyokufokea: toa chupa kwenye unga uipeleke kliniki, panda boda na mzee sasa hivi, mweleze daktari siku zote nne bila kupunguza hata moja. Ulitii, nashukuru. Daktari alisema mngechelewa wiki moja tu, jicho lingeharibika. Nimekaa na barua hii wiki tatu mpaka jicho likapona na wewe ukakiri kwa mumeo, na ninaichapa kwa ruhusa yenu wawili.

Sasa tuzungumzie wivu. Nimemuuliza Jasper, mtaalamu wa macho ninayemfahamu. Anasema ndani ya jicho kuna lenzi, kama kioo kidogo. Mtu akizeeka lenzi inageuka njano, kisha inakuwa kahawia kama chai ya rangi, na mwanga wa bluu unazuiwa njiani. Mwenyewe hajui, kwa kuwa mambo yanakwenda polepole na ubongo unazoea, unamwambia nyeupe bado ni nyeupe. Mumeo jicho la kulia limewekewa lenzi mpya, la kushoto bado lina ile ya zamani. Akifumba la kulia, kitenge cha Exaucée ni cha kijani kilichochujuka. Akifumba la kushoto, ni bluu tupu. Hakuna aliyekonyezwa pale. Mzee alikuwa analinganisha macho yake.

Nilizungumza naye. Aliniambia, “Senga, kila jicho linanipa rangi yake, sijui niamini lipi. Nilinyamaza, nikiogopa mke wangu atasema akili imeruka.”

Wewe ulimuuliza swali moja, akakupa jibu la kweli kwa neno moja, ukalikataa kwa sababu ulishajichagulia jibu lako. Halafu ukamwadhibu mgonjwa! Umri huo, nyabo, hukuona aibu?

Hata hivyo mzee naye nimemkemea. Kumwambia mke “umezeeka” ni maneno gani? Akasema, “Nilitaka kusema kwamba nimekaa miaka sita sijauona uso wake vizuri, na niliukosa. Kiswahili changu cha kambini hakina maneno hayo.” Nimemwambia akatafute maneno.

Uliniambia kwamba ulipokiri kwake hakukugombeza. Aliichukua chupa akaitia mfukoni, na tangu siku hiyo anajitilia dawa mwenyewe mbele ya kioo. Inakuuma, najua. Mwache ajitilie. Usimwombe akurudishie kazi hiyo, wala usimlilie. Mwezi ujao anapasuliwa jicho la kushoto, mfuate kliniki, ukae kwenye benchi, na akikuita uende.

Lakini kuna mtu hujamtaja hata mara moja tangu nilipokupigia simu. Exaucée alianika nguo zake tu, akamchekea mzee kwa heshima, na kwa ulimi wako mwenye nyumba amemwambia ahame mwisho wa mwezi. Gazeti hili likikufikia zitakuwa zimebaki siku nne. Nenda kwanza kwa mwenye nyumba, useme mbele ya wapangaji wote kwamba ulimsingizia. Kisha bisha hodi kwa Exaucée, uombe msamaha ukiwa umesimama, na asipokukaribisha ndani usikasirike.

Acha gazeti hapo mezani. Vaa viatu.