Moshi Nilioufukia Eburru

Shosho wangu,

Najua hapo Kuresoi umejifunika blanketi na bado miguu yako ni barafu. Hapa Eburru kwa kina Wambui, rafiki yangu wa chuo, tuko juu mlimani na baridi ni ile ile ya nyumbani. Lakini udongo, Shosho, unachemka!

Leo asubuhi nimeona moshi ukitoka ardhini kando ya nyumba. Nikajua ni tanuri la makaa limetoboka, na ni wewe ulinifundisha kuziba haraka kabla makaa hayajawa majivu. Nikashika jembe, nikafukia. Mamake Wambui akatoka mbio na sufuria mkononi. "Wewe! Unafukia maji yetu ya chai!"

Kumbe ni mvuke wa ardhini. Unaingia kwenye bomba ambalo sikuliona kwa nyasi, unapigwa na baridi ya mlima, unageuka maji na kudondokea tangini. Hawana mto wala kisima. Nimefukua huku wakinicheka mpaka machozi.

Chai imechelewa, lakini nimeinywa nimekaa chini, udongo ukinipasha joto kama jiko. Kando yangu pana nafasi. Njoo na hiyo miguu.

Mjukuu wako mzima moto,
Kamau